Binamu yangu karithi jina la baba pamoja na iPod yake, halafu kaniletea mimi niamue kama tuifanyie jailbreak

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninacholeta hapa kimenitokea mimi mwenyewe hapa Moro, hakina chai hata kijiko. Jina la mhusika mmoja nimebadilisha kwa sababu najua anasomaga humu kimyakimya. Mengine yako kama yalivyokuwa.

Uzi ni mrefu kidogo na nipo kazini. Mteja akija nitawaacha hewani, msinitukane. Na mods naomba msinihamishie jukwaa la tech, mtaona mbele kwa nini.

Mimi naitwa Method, ni fundi simu. Nina kibanda changu mjini Morogoro, karibu na soko, kimeegemea ukuta wa duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Simu, tablet, redio za magari, chochote chenye waya nakifungua.

Kwetu ni Matombo, huko milimani Uluguru. Baba yangu, marehemu Mzee Mkude, alilima ndizi na pilipili manga, na alikuwa mwalimu wa kwaya pale misheni tangu mimi sijazaliwa.

Mzee alikuwa mkali. Ukikosea nota anakugonga kichwani na kile kijiti chake cha kuongozea. Mimi nimegongwa kuliko wanakwaya wote, maana nilikuwa mwanae halafu nilikuwa besi mbovu.

Sasa hiyo iPod nilimnunulia mimi. Naomba mlishike hili, maana ndilo lililoniua.

Niliipata Dumila, kwa jamaa mmoja anauza mtumba wa electronics kando ya barabara ya Dodoma. Kwa wadogo zetu ambao hamzijui, iPod touch ni kama simu isiyopiga. Inacheza muziki, inaonyesha video, inarekodi. Mzee smartphone hakuitaka kabisa, alisema watu watampigia.

Nikamwekea app moja ya kurekodi, nikamfundisha kitufe kimoja tu. Basi mzee akapata ugonjwa. Akawa anaimba kila sauti peke yake na kuirekodi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu besi.

Kwa kuwa iPod hairushi kitu kwa Bluetooth kwenda kwenye simu zetu hizi za kawaida, wanakwaya ilibidi waje nyumbani kusikiliza kwa zamu. Utakuta mama mzima kakaa barazani na earphone masikioni, kafumba macho, anaimba sauti ya pili peke yake kwa nguvu zote, na kuku wanamshangaa.

Halafu mzee akafariki. Bwana ampe pumziko.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu.

Sisi Waluguru ukoo tunauchukua kwa mama. Mimi ni mtoto wa Mzee Mkude, lakini si wa ukoo wa Mzee Mkude. Wa ukoo wake ni dada zake na watoto wa dada zake. Kwa hiyo mzee akifa, wenye ukoo wanakaa, wanamchagua mpwa mmoja, wanamrithisha jina. Kuanzia siku hiyo huyo mpwa ndiye Mkude. Wajane wanamtania "mume wangu", na sisi watoto wa marehemu tunatakiwa kumwita Baba.

Siku ya kuondoa tanga, akachaguliwa Deo.

Deo ni mtoto wa shangazi yangu. Ni dereva wa bodaboda na ana shamba lake la ndizi. Nimembeba mgongoni huyo, amenikojolea shati langu la shule. Leo nimwite Baba!

Kwenye cheti cha kuzaliwa Mkude ni mimi. Kwenye ukoo Mkude ni Deo.

Nisiwadanganye, siku ile roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Wakamkalisha kwenye kigoda cha mzee, wakampa panga la mzee, wakamvika koti la mzee, lile la kahawia la kuendea misa. Likamkaa vizuri, na hilo nalo likaniudhi.

Halafu nikaona mfuko wa koti umetuna. Nikajua tu ni iPod.

Nikainuka mbele za watu, nikasema, "Shangazi, hiyo iliyo mfukoni ni ya kwangu, mzee nilimnunulia mimi."

Shangazi akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati kinyume.

"Ulimpa, hukumpa?"

"Nilimpa."

"Basi ikawa yake. Na kilicho mfukoni kinafuata koti."

Wazee wakaitikia, na kesi ikaishia hapo. Nikakaa chini.

Watu wakadhani nataka kifaa. Kifaa ninavyo kumi mezani vinakula vumbi. Mimi nilitaka sauti ya mzee. Mzee hakuwa na WhatsApp, hakuwahi kunitumia voice note hata moja, na kwenye video za harusi amegeuka mgongo, anaongoza kwaya. Sauti yake yote duniani ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Deo.

Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Alitaka kioo, nimempa siku ya kuja.

Miezi ikapita. Kila nikienda Matombo nakuta kitu cha kuniumiza. Mama anampakulia Deo kidari cha kuku, "mume wangu kala?" Mimi nimetoka mjini kwenye matope yale, napewa shingo. Wanakwaya wanamwamkia shikamoo, na wengine ni umri wa mama yake. Naye anaitikia marahaba, taratibu kabisa, kama mzee.

Angekuwa na kiburi ningepumua. Shida ni kwamba hana. Mimi ananiita kaka vilevile, hajawahi kunidai hiyo Baba hata siku moja. Mtu wa hivyo utamchukia kwa lipi? Nikawa namchukia tu hivyohivyo, kwa shida.

Dada yangu aliniambia nina roho ya kwanini. Nikamwambia ndiyo, ninayo, na sababu ninazo.

Sasa juzi kati hapa Deo kaja kibandani na bodaboda yake, kafunga mkungu wa ndizi nyuma. Kashusha ndizi, kaniletea na pilipili manga kwenye kikaratasi. Halafu akatoa ile iPod, kaifunga kwenye kitambaa kisafi.

"Kaka, mzee hafunguki."

Ndivyo alivyosema. Hakusema app, hakusema kifaa.

Nikaiwasha. Kweli, app ya kurekodi ukiigusa inafunguka kidogo, inajifunga. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema ilikuwa nzima, yeye humsikiliza mzee kila jioni akimaliza kazi, ila wiki hii ikaanza hivyo. Halafu kwaya wanajiandaa na jubilei ya parokia, na wimbo mmoja ambao mzee aliutunga mwenyewe besi yake hakuna aliyeishika kichwani, hata Deo mwenyewe. Ipo humo tu.

Wakuu, mimi nilikwama pale kwenye "kila jioni". Mwenzenu nahangaika kukumbuka sauti ya baba yangu ilikuwaje, kumbe kuna mtu anaisikiliza kila jioni akila maembe!

Nikamwambia aniachie.

Kwa wataalamu wenzangu, hali ilikuwa hivi. iPod yenyewe ya zamani, mfumo wake umefika mwisho, haupandi tena. Hiyo app kwenye store haipo siku hizi, ukiifuta ndiyo buriani. Nilipunguza miziki nikidhani imejaa, wapi. Nikafanya backup kwenye computer na kuipekua yote, mafaili ya app ile hayamo, aliyeitengeneza alizuia yasiingie. Computer inaiona iPod vizuri, ila ndani ya app haiingii.

Njia ikabaki moja, jailbreak. Maana yake unavunja kufuli la kiwandani, unaingia kwenye mfumo mpaka jikoni, unayachukua mafaili kwa mkono wako.

Tatizo ni kwamba kwa kifaa kizee chenye betri iliyochoka, jailbreak ni kamari. Ikikubali, umepona. Ikigoma inaingia bootloop, yaani inawaka mpaka nembo, inazima, inawaka tena, haikomi. Na dawa ya bootloop ni restore, na restore inafuta kila kitu. Hapo mzee angekuwa amekufa mara ya pili.

Nikaiweka mezani, nikaitazama. Wateja nikawa nawajibu ovyo.

Sasa nitawaambia nilichokuwa nawaza, mnihukumu mtakavyo.

La kwanza, niirudishe kama ilivyo. Nimwambie Deo haitengenezeki. Mimi simsikii mzee, na yeye asimsikie, tukose wote. Nilipoliwaza hili nilijisikia raha, sitaficha.

La pili, niijaribu, ikikubali nichukue mafaili, nifute kwenye iPod, nimwambie Deo, "Pole bwana mdogo, ilikuwa mbovu sana, nimejitahidi." Nani angebisha? Fundi ni mimi. Huko Matombo hakuna anayejua bootloop ni mnyama gani. Ningebaki na mzee peke yangu, na yeye abaki na koti.

Hili la pili ndilo lililonikaa. Nilishafungua mpaka programu kwenye laptop, waya umechomekwa, bado kubonyeza.

Mkono ukagoma. Msidhani ni utakatifu. Niliogopa tu, ikifa ikiwa mikononi mwangu na huku nilikuwa nataka kuiba, nitaishije? Nikaona bora nipate mtu wa kugawana naye lawama. Nikampigia mama.

Nikamweleza yote, ya kuiba nikayaruka. Nikamwambia, "Mama, inaweza kupona, inaweza kupotea moja kwa moja. Wewe unasemaje?"

"Kamuulize baba yako."

"Mama, baba si amefariki?"

"Baba yako yupo, asubuhi alikuwa ananipasulia kuni. Usinichoshe, Method, maharage yangu yanaungua."

Akakata simu.

Nilikaa na ile simu mkononi nikiwa nimenuna vibaya mno. Mwenye duka la vitambaa, mama mmoja mpole sana, alipita akaniuliza kama nimefiwa tena.

Mwisho nikampigia Deo. Nikamweleza kifundi, kwa maneno magumu makusudi, nikitaka aogope aseme acha. Nikamwambia uwezekano wa kupoteza kila kitu ni mkubwa. Nikamwambia mwenye mali ni yeye, kwa hiyo aseme yeye.

Nasikia bodaboda inanguruma, halafu akaizima.

"Kaka, fanya," akasema. "Ikifa, imefia mikononi mwa mwanae. Hakuna mtu Matombo atakayesema neno."

Nikasema sawa.

Basi, nikaiacha kwenye chaja mpaka ikajaa, nikazima feni ya kibanda isije ikavuta umeme, nikafukuza watoto waliokuwa wanaegemea meza. Nikabonyeza.

Ikazima. Ikawaka nembo. Ikazima. Ikawaka nembo.

Wakuu, jasho lililonitoka pale si la joto la Moro. Nikajikuta nasali Salamu Maria kwa sauti, na katikati nikasahau maneno.

Ikazima tena. Halafu ikawaka, ikaja skrini yote na picha ya kanisa ambayo mzee aliiweka.

Imekubali!

Nikaingia ndani. Nikayakuta mafaili yote, marefu kwa mafupi. Kwanza nikayanakili kwenye laptop na kwenye flash mbili. Ndipo nikavaa earphone, nikafungua la juu kabisa.

Mzee akakohoa. Akasema, "Besi. Tulia kwanza, usikimbie." Halafu akaanza kuimba.

Nililia. Mtu mzima na kibanda changu, nililia, kuna mteja alifika akaona, akaondoka zake bila kusema shida yake.

Nikafungua la pili na hapo machozi yakakauka.

Humo mzee yuko na Deo. Anamfundisha besi ya wimbo ule wa jubilei. Deo anakosea, mzee anacheka. Wakuu, anacheka! Deo anakosea palepale tena, mzee anacheka mpaka anakohoa, anamwambia pole, tuanze upya.

Mimi niliyegongwa na kijiti! Mimi ambaye nikikosea nota ilikuwa chakula cha jioni kinaliwa kimya! Kumbe mzee alikuwa na kicheko cha namna hii ndani yake, alikitunza miaka yote aje ampe mtoto wa dada yake?

Nikavua earphone. Nikafunga laptop. Sikutaka kusikia zaidi.

Deo akaja siku iliyofuata. Nikampa iPod yake na flash moja bila kumtazama usoni. Nikamwambia besi yenu imo. Halafu ulimi ukaniponyoka.

"Mzee alikuwa anakuchekea sana wewe."

Akakaa kwenye kile kiti cha wateja. "Umesikiliza lipi?"

Nikamwambia.

"Ulilimaliza?"

"Ya nini? Nimesikia ya kunitosha."

Akaniomba laptop. Akalitafuta lile lile faili, akalivuta mbele, akaweka sauti ya juu, soko lote likasikia. Mzee anaimba, Deo anafuata, anakosea. Kicheko. Halafu mzee anasema:

"Method, hapo unapanda mapema. Ngoja wenzako."

Nikashtuka, nikataka kuitika. Lakini siku hizo mimi nilikuwa huku mjini, Matombo nilikuwa naenda Krismasi kwa Pasaka.

Kwenye rekodi Deo anajibu, "Mimi Deo, mjomba."

"Aa. Haya, Deo. Tena."

Wanaimba. Kidogo tu, mzee tena: "Method, umesikia?"

Safari hii Deo wa kwenye rekodi hakumsahihisha. Aliitika tu, "Nimesikia."

Deo akasimamisha. Alikuwa anapangusa kioo cha iPod kwa kile kitambaa, na kilishakuwa safi.

"Yako mengi ya hivyo," akasema. "Kila siku alianza na jina lako. Namsahihisha, anasema aa, kesho anaanza na lako tena. Mwisho nikawa naitika tu. Roho ilikuwa inaniuma, kaka. Nimekaa naye mimi, nimempeleka hospitali mimi, anaita wewe."

Akakikunja kile kitambaa.

"Halafu hili jina la Mkude wamenipa ukoo. Wewe mila inakukataza, ndiyo maana wakanipa mimi. Mjomba hakuulizwa."

Akavaa helmeti yake, akaaga, akawasha bodaboda, akaenda. Tulivyoagana sikumbuki vizuri.

Nimeshasikiliza mafaili yote sasa. Kweli ni mengi. Kuna moja mzee anaita Method, halafu anajicheka mwenyewe, anasema huyu mtoto kanikaa mdomoni. Hilo nimelisikiliza mara ambazo sitawaambia.

Somo langu ni hili. Kwa mafundi, kabla hujagusa kifaa cha marehemu, muulize aliyekileta anatafuta nini humo ndani, na usiibonyeze jailbreak ukiwa na kinyongo.

Kwa wengine, mimi nilimwonea Deo wivu wa koti, wa kigoda, wa kidari cha kuku, na wa zile jioni zake. Muda wote huo yeye alikuwa ananionea mimi wivu wa jina moja tu, tena ninalo tangu ubatizo na sikuwahi kuliona kuwa ni kitu.

Na wivu haujaisha wakuu, nisije nikajifanya nimeokoka. Wiki iliyopita nimekula shingo tena, na kumwita Baba bado mdomo haujakubali. Ila nilipofika nilimuuliza Deo kama na yeye kala.

Waluguru wenzangu mpo humu? Wanyamwezi, Wachaga, na nyie ambao baba akifa mtoto ndiye anakalia kiti, njooni mnicheke kwa nafasi yenu. Lakini hasa nataka kumsikia yule ambaye amerithishwa jina la mtu. Sisi wenye roho ya kwanini tunajifahamu na kelele zetu. Wewe mwenzetu, ukiwa umevaa hilo koti, unamwonea nani wivu?